Mshale uko kwenye sifuri, ubao haukatiki skwea

Swali: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo hapa Morogoro, natengeneza makabati ya jikoni na fremu za picha na vioo. Nimenunua msumeno wa pembe (miter saw) wa mtumba, bledi ya inchi 10, ule wa kushusha tu, hauna reli za kuteleza. Mshale nauweka kwenye 0, lakini nikipima kwa skwea, kile kipimo cha pembe ya digrii 90, ubao wa sentimita 15 uliokatwa, upande mmoja unaachia kama milimita 1. Fremu ndiyo balaa: kona tatu zinakaa, ya nne haifungi. Nimelegeza skrubu hii na ile, sasa naona nimezidi kuiharibu. Inarekebishika, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Kwa maelezo yako, inarekebishika, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Ila weka bisibisi chini kwanza. Umelegeza skrubu kabla ya kujua iliyopinda ni ipi, na hapo ndipo wengi wanapojitafutia shida. Msumeno huu unaweza kukosa skwea kwa njia mbili ambazo hazihusiani: bledi haiko skwea na fensi, yaani ule ukuta wa nyuma unaoegemeza ubao, au bledi haijasimama timazi juu ya meza. Kila kosa lina bolti zake. Na mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, zote mbili ziko sawa, mkosaji ni ubao, au skwea, au unga wa mbao uliojibana mahali.

Ule mshale usahau kwa sasa. Ni kipande kilichofungwa kwa skrubu moja, na kinaonyesha pale tu kilipofungwa. Tutaurudia mwishoni.

Chomoa plagi. Sisemi zima swichi, nasema chomoa na waya uuone mbele yako, kwa sababu vidole vyako vitakaa kwenye meno ya bledi muda wote wa kazi hii.

Anza na skwea yenyewe. Chukua kipande cha plaiwudi chenye ukingo ulionyooka, egemeza skwea, chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Pindua skwea ielekee upande wa pili, isogeze mpaka kwenye mstari uleule, chora tena kuanzia chini palepale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana kadiri inavyopanda, skwea imepinda, na unachokiona ni kosa lake mara mbili. Skwea iliyowahi kuanguka sakafuni huwa na siri yake, hasa zile ambazo ulimi wake umeshikwa kwa ribiti kwenye mpini wa mbao. Kama yako imefeli, hujui bado kama msumeno wako una kosa lolote.

Halafu ubao. Mbao nyingi za paini tunazonunua zimepasuliwa tu, hazijapigwa randa, na kingo zake mbili hazilingani: huku sentimita 15, kule 14.8. Ubao wa hivyo ukiukata skwea kwa ukingo mmoja, hautakuwa skwea kwa ukingo wa pili, hata mashine iwe mpya kutoka kwenye boksi. Tafuta kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) au plaiwudi nzuri kilichopasuliwa kwa mashine ya meza, urefu wa sentimita 60 hivi, upana kama 12 au 15, kulingana na mashine yako inavyoweza kukata. Pima upana wake sehemu tatu. Ukilingana, hicho ndicho kipande chako cha majaribio, kiandike jina na mtu asikiguse.

Sasa usafi, na hapa usiwe na haraka. Zungusha mkono wa meza mpaka mwisho wa kushoto, kisha wa kulia, uone vile vijipengo ambamo kipini huingia kwenye 0, 22.5, 45. Mashine ya mtumba huwa na unga wa mbao umechanganyika na utomvu na grisi ya zamani mpaka umekuwa kama lami. Kipini hakiingii mpaka chini, kinakaa kwenye ukoko, na kila ukifunga meza inakaa pengine kidogo. Kwangua kwa kijiti, malizia kwa mswaki mkavu. Fanya hivyohivyo kwenye kona ambamo fensi inakutana na meza. Chembe moja ya unga pale, ikibanwa kati ya ubao na fensi, inatosha kukuharibia pembe. Mimi fundi akiniambia mashine yake inabadilika badilika, leo skwea kesho siyo, naangalia kona hiyo kabla ya kusikia mengine.

Ukishasafisha, toa bledi. Mashine za mtumba zinatoka pande tofauti za dunia, na tundu za bledi hazifanani: za Ulaya inchi 10 huwa na tundu la milimita 30, za Marekani inchi 5/8. Muuzaji akikosa inayofaa anaweka pete ya kupunguzia tundu. Pete hiyo ikiwa nene kuliko bledi, zile sahani mbili za kubana hazibani bledi, zinabana pete, na bledi inacheza. Futa sahani zote mbili, pitisha kidole kusikia kama kuna kovu au utomvu ulioganda. Bledi yenyewe kama imejaa utomvu wa paini, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua kwa brashi, kausha vizuri. Hesabu na meno. Bledi ya meno 24 ni ya kukatia mbao za paa. Kwa makabati na fremu tafuta ya meno 60. Bledi butu haikati tu vibaya, inapinda ikiwa ndani ya mti na kutoka na mkato wenye tumbo, na hakuna bolti ya kurekebisha hilo.

Jambo la mwisho kabla ya kupima: shusha kichwa cha mashine, shika mpini, utikise kushoto na kulia. Kikilegalega, tafuta bolti ya ekseli ambayo kichwa kinainamia, ikaze kidogo kidogo. Kipimo ni hiki: kichwa kiache kucheza, lakini ukikiachia bado kinapanda chenyewe kwa springi. Kama umekaza mpaka springi imeshindwa na bado kinacheza, ekseli au bushi zimelika, na hapo ongea na fundi wa kuchonga vyuma, siyo mimi.

Pima kama fensi yenyewe imenyooka. Fensi nyingi zina pande mbili, kushoto na kulia kwa bledi, na mashine ikianguka upande mmoja hutangulia mbele. Laza rula ndefu ya chuma iguse pande zote mbili. Ukiona mwanga chini ya rula, fensi imevunjika mstari, na kila unachopima kwa upande mmoja ni uongo kwa upande wa pili. Nyingi ni kipande kimoja cha aluminiamu kilichopita nyuma ya bledi. Hicho kikipinda, ni bora ukafunge juu yake ubao wa MDF ulionyooka na kuweka vipande vya karatasi nyuma yake pale penye shimo, kuliko kupiga aluminiamu nyundo. Aluminiamu ya kumiminwa hainyooshwi kwa nyundo, inakatika.

Haya. Sasa jaribio lenyewe, ambalo ningetaka ulizoee mpaka ulifanye bila kufikiri. Weka mkono wa meza kwenye 0, ukaze kabisa kama unavyokaza ukiwa kazini, maana kukaza kwenyewe kunaweza kuusogeza. Chora alama ya X juu ya kipande chako cha majaribio, katikati, ili X ibaki nusu kila upande. Rudisha plagi, kata katikati ya X, chomoa tena. Kata ubao mzima kwa unene wote wa bledi. Usikwangue milimita moja ya mwisho wa ubao, kwa sababu meno yakishika mti upande mmoja tu bledi inasukumwa pembeni.

Sasa weka vile vipande viwili juu ya meza tambarare, vyote vimeegemea rula ndefu kama vilivyokuwa vimeegemea fensi. Cha kushoto kiache na X yake juu. Cha kulia kipindue, X iende chini, kingo zake zibadilishane: iliyokuwa kwako sasa ndiyo inagusa rula. Visukume vigusane. Mkato ukiwa skwea, vinafungana bila pengo. Ukiwa na kosa, pengo linafunguka kama kabari, na upana wake ni kosa lako mara mbili. Kwa hiyo ile milimita yako 1 hapa itaonekana kama 2. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halitegemei skwea yoyote. Hata skwea yako ikiwa imefeli ule mtihani wa penseli, hapa haihitajiki. Na kipimo chake unacho: karatasi ya kawaida ya printa, ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1. Ingiza karatasi kwenye pengo, kunja, ongeza, mpaka ijae. Karatasi nne ni milimita 0.4, maana yake kosa halisi ni 0.2.

Pengo hilohilo linakuambia pa kusukuma. Kama limefunguka upande wa kwako, mbali na rula, basi fensi ya kushoto imekaa mbele mno: irudi nyuma kidogo, au ya kulia ije mbele. Kama limefunguka upande wa rula, kinyume chake. Hii ni kwa kipande cha kushoto kilichobaki X juu. Ukipindua cha kushoto badala ya cha kulia, maelezo yanageuka.

Kusukuma kwenyewe kunategemea ukoo wa mashine. Kwenye Makita nyingi meza inabaki kwenye kituo chake cha 0 na unalegeza bolti za fensi, unasogeza fensi. Kwenye DeWalt nyingi fensi huisogezi. Unalegeza skrubu zinazoshika lile bati lenye namba za digrii, na bati pamoja na mkono wa mbele vinahama kushoto au kulia. Kwa aina hii, pengo likiwa upande wako, mkono wa mbele uende kulia. Angalia kwanza yako ni ipi, maana skrubu ulizozilegeza zinaweza kuwa hizohizo.

Kwa mashine ya kusogeza fensi, legeza bolti zote isipokuwa moja ya mwisho, hiyo iache imekaza nusu ili fensi izunguke juu yake. Shusha bledi, ifunge chini kwa ile pini yake. Weka skwea, mguu mmoja ukigusa fensi na mwingine ukigusa bledi. Na hapa sogea karibu uangalie. Meno ya bledi yana ncha ngumu zilizochomelewa, na ncha hizo ni pana kuliko bati la bledi, zimetokeza kila upande. Skwea ikigusa jino, imeshainuliwa kutoka kwenye bati na unapima jino. Zungusha bledi kwa mkono mpaka skwea iingie kwenye bonde kati ya meno mawili, iguse bati tupu. Meno hayo pia yana rangi tofauti ya chuma, utaona mpaka wake ukiinama na tochi ya simu. Mwanga usipite popote kati ya skwea na bati.

Kiasi cha kusogeza usikibahatishe. Kosa la milimita 1 katika 150, kama kutoka bolti uliyoiacha mpaka mwisho wa fensi ni milimita 450, mwisho ule usogee milimita 3. Weka alama ya penseli kwenye meza, sogeza, kaza bolti zote kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, kisha rudia jaribio la X. Skwea inakusogeza karibu. Anayetoa hukumu ni mkato. Mara ya kwanza pengo litapungua, ya pili au ya tatu litafika chini ya karatasi moja. Ukifika hapo acha. Mbao yenyewe itatembea zaidi ya hapo mvua zikianza.

Kosa la pili, la timazi, ni jepesi zaidi. Chukua kipande kingine cha majaribio, chenye upana mdogo kuliko kile, cha kimo ambacho bledi yako inakipita, kisimamishe kwa ukingo wake kiegemee fensi. Kata, pindua cha kulia juu chini, vigusanishe juu ya meza tambarare. Pengo likifunguka juu, bledi imelalia kushoto. Likifunguka chini, imelalia kulia. Nyuma ya mashine, karibu na ile klachi (mpini wa kufungia) ya kulaza kichwa, kuna bolti yenye nati ya kufungia ambayo kichwa kinaigonga kinaporudi kusimama wima. Legeza klachi, legeza nati, zungusha bolti robo, gongesha kichwa juu yake, kaza klachi, kata tena. Ukikuta bolti ziko mbili, moja ni ya 90 na nyingine ya 45. Ya 45 usiiguse leo.

Turudi kwenye fremu zako, kwa sababu kona ya nne imenieleza mengi kuhusu unavyokata. Fremu ina mikato minane. Ukikata yote kwa upande mmoja wa mashine, unageuza tu ubao, kosa lako la milimita 1 katika 150, yaani karibu digrii 0.4, linaingia mara nane kwa mwelekeo uleule: jumla ni karibu digrii 3, na zote unazisukumia kwenye kona ya mwisho. Hiyo kona haijakosea kuliko wenzake, imebebeshwa tu. Anayekata mkato mmoja meza ikiwa kushoto 45 na mwenzake ikiwa kulia 45, fensi yake ikiwa imepinda vilevile, atapata 45.4 na 44.6, na jumla ni 90. Kona zake zinafunga! Ila ukipitisha kidole kwenye ncha ya nje utasikia ngazi, maana nyuso mbili za mkato hazina urefu sawa. Kwa ubao wa upana wa milimita 50 tofauti inakaribia milimita 1. Kwa hiyo ukikuta fremu inafunga lakini ncha zinapishana, fensi ndiyo ya kushtaki. Ukikuta inaachia pengo, angalia kwanza ulivyokata.

Na kuna chanzo kingine ambacho hakihusu pembe kabisa. Vipande viwili vinavyotazamana visipolingana urefu, fremu haifungi hata ukate digrii 45 ya kimalaika. Usipime kila kipande kwa futi ya kamba. Funga kibao cha kuzuia kwenye fensi, sukuma ubao mpaka ugonge, kata vyote viwili bila kukisogeza. Kibao hicho kinyanyue kidogo juu ya meza, nafasi ya unene wa rula, ili unga upate pa kupita na usijibane kati yake na ubao. Kiweke upande mmoja tu wa bledi. Kipande kilichobanwa pande zote mbili hurushwa.

Ukikata, acha bledi ifike kasi yake yote ndipo uishushe, taratibu, uisikie inavyokula. Mti mgumu kama mninga au mkongo ukiulazimisha, bledi inakwepa. Waya wa ekstensheni mrefu na mwembamba unafanya vilevile, mota inakosa nguvu, kasi inashuka, mkato unapinda. Ukishamaliza, achia swichi na subiri bledi isimame ikiwa chini ndipo uinyanyue, la sivyo jino moja litachota kwenye uso uliokwisha kuukata vizuri. Ubao mrefu uwekee stendi ya kimo sawa na meza, kwa sababu mwisho wake ukining'inia, ubao unanyanyuka kwenye bledi na timazi yako yote inapotea. Ubao uliopinda, tumbo lake liguse fensi pale bledi inapopita; ukiugeuza, utajifunga na kuibana bledi. Mkono unaoshika ubao ukae umbali wa sentimita 15 kutoka bledi, kipande kifupi kuliko hapo kifungwe kwa klampu.

Yote yakikubali, ndipo uurudie mshale. Legeza skrubu yake, uelekeze kwenye 0, kaza. Rudia jaribio la X kila unapobadilisha bledi au ukisafirisha mashine kwenda kwa mteja, maana barabara ya vumbi nyuma ya bodaboda au Kirikuu hulegeza bolti za fensi kuliko mwaka mzima wa kukata. Mashine mpya usinunue mpaka uone jambo moja: umekata X asubuhi, umekata tena jioni bila kugusa bolti yoyote, na pengo limebadilika. Hapo ekseli imekwisha, na pesa ya kuitengeneza linganisha na bei uliyonunulia.